Plazma inapotetemeka ndani ya kompyuta: utatuzi wa matatizo ya uigaji wa injini za Hall

Malalamiko ya watu wanaoiga injini ya Hall kwenye kompyuta hujirudia mno. Mmoja joto la elektroni zake limepanda na halishuki. Mwingine mkondo wake umenyooka kama uzi uliovutwa, ilhali kila aliyeipima injini ile maabarani anasema unatikisika. Wa tatu ana kilele kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila masafa) na hakuna anayejua kimetoka wapi. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili visababishi vinaanzia kile kinachowapata wengi.

Kwa ufupi, ili tuelewane: injini ya Hall ni injini ya umeme ya vyombo vya angani, nayo ni mfereji wenye umbo la pete. Gesi ya zenoni huingia upande wa anodi (ncha chanya ya umeme), uga wa sumaku unakatiza mfereji kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje, elektroni zinanaswa na uga huo na kuzunguka pete, na ioni, kwa kuwa ni nzito, hazinaswi bali husukumwa nje na uga wa umeme. SPT-100, ambayo wengi huanza nayo, ina mfereji wenye kipenyo cha nje cha 100 mm, hutumia volti 300 na ampea 4.5 hivi, na hutoa msukumo wa takriban milinewtoni 80.

Mitetemo yake imegawanyika katika koo kadhaa. Kuna pumzi ya injini, kati ya 10 na 30 kHz kwa kawaida, pale gesi inapojaa mfereji, ikageuzwa ioni kwa mkupuo, ikaisha, kisha ikajaa tena. Kuna mitetemo ya ioni zinapopita eneo la kuongezwa kasi, kwenye mamia ya kHz. Kuna mawimbi madogo ya megahezi yanayozunguka pete, yanayolishwa na mwendo wa elektroni. Na kuna spoki: maeneo mazito ya plazma (mchanganyiko wa ioni na elektroni) yanayozunguka pete polepole kama miguu ya gurudumu.

Swali langu kwa kila dalili ni moja: je, kitu hiki kinabadilika nikibadilisha namba ambayo asili haiijui? Asili haijui seli zako (vijisanduku vya gridi ulivyoigawa nafasi ya modeli) zina upana gani, wala hatua yako ya muda ni fupi kiasi gani, wala umetumia chembe ngapi kuwakilisha plazma. Basi kabla ya kusoma zaidi fanya majaribio matatu mafupi, moja baada ya jingine na si yote kwa pamoja: punguza hatua ya muda kwa nusu, punguza upana wa seli kwa nusu, ongeza chembe mara mbili. Mtetemo ukihama au ukififia, acha kuutafutia maelezo ya fizikia. Nusu ya maswali ninayoulizwa huishia hapa.

Dalili ya 1: Joto la elektroni linapanda bila kikomo, au programu inalipuka

Hii ni ya wanaotumia modeli za chembe ndani ya seli, na ndiyo inayoongoza.

Kisababishi cha kwanza ni seli pana kuliko urefu wa Debye, yaani umbali ambao plazma huuhitaji kuficha chaji iliyomo. Urefu huo kwa mita ni 7430 mara kipeuo cha pili cha joto la elektroni (kwa elektronivolti) likigawanywa kwa msongamano (kwa mita ya ujazo). Kwa joto la 20 eV na msongamano wa 10¹⁷ unapata milimita 0.1 hivi. Msongamano ukifika 10¹⁸ unabaki na milimita 0.033. Wengi hukokotoa kwa msongamano wa wastani, kisha kilele cha plazma ndani ya mfereji kinawaponza.

Kosa hili lina ujanja wa kujificha. Seli zikiwa pana, gridi yenyewe huzipasha elektroni joto la uongo, na joto likipanda urefu wa Debye nao unarefuka, mpaka unakaribiana na seli. Hapo kupasha kunatulia. Ukija kukagua matokeo mwishoni unaona seli inatosha kabisa! Ndiyo maana ukaguzi ufanywe kwa joto ulilotarajia kabla ya kuanza. Joto ambalo programu imekuletea ni shahidi aliyekwisha kuhongwa.

Cha pili ni hatua ya muda. Zidisha masafa ya plazma, yaani mtetemo wa asili wa elektroni zake (kwa radiani kwa sekunde), na hatua yako. Jibu lisizidi 0.2. Kwa msongamano wa 10¹⁸ masafa hayo ni 5.6 × 10¹⁰ kwa sekunde, kwa hiyo hatua iwe chini ya pikosekunde 3.5. Sasa fanya hesabu ya uchungu: pumzi moja ya 20 kHz huchukua mikrosekunde 50, yaani hatua zaidi ya milioni 14 kwa pumzi moja tu. Hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta njia za mkato, na nyingi za dalili zilizobaki zinazaliwa na njia hizo.

Cha tatu ni nadra kidogo, nacho huwapata wanaoiga mwelekeo wa mzunguko (kuzunguka pete) peke yake. Elektroni zinapata nishati kutoka uga wa umeme wa mhimili (kutoka anodi hadi mdomo wa mfereji), lakini hazina mlango wa kutokea, kwa sababu mhimili wenyewe haumo kwenye modeli. Nishati inaingia haitoki. Dawa inayotumika ni kuupa mhimili urefu wa kubuni: chembe ikishasafiri umbali huo inaondolewa, na nyingine yenye joto la mwanzo inawekwa mahali pake.

Ukishamaliza haya na joto bado linapanda, jenga sanduku dogo: plazma ya usawa, mipaka ya kujirudia, bila uga wa sumaku, bila migongano. Iache iende hatua laki moja. Nishati ikibaki palepale, tatizo liko kwenye masharti ya mipaka au migongano yako.

Simama hapa kama nishati inapanda hata ndani ya sanduku hilo huku seli na hatua ziko sawa. Kuna kosa katika kugawa chaji kwenye gridi au katika kutatua uga, pengine pale ambapo kazi imegawanywa kati ya prosesa. Mpelekee aliyeandika programu, na umpe sanduku lako dogo, maana yeye hatatafuta kosa ndani ya injini nzima. Usiweke breki za kubuni ili joto litulie. Breki hiyo itaua na mitetemo unayoitafuta.

Dalili ya 2: Injini haipumui

Mkondo unapanda mwanzoni, unatulia, basi. Kabla ya kulaumu fizikia angalia saa. Atomu ya zenoni isiyo na chaji huenda kwa mita 200 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mfereji wa sentimita 2.5 unahitaji mikrosekunde 125 kujaa upya. Ukiiga mikrosekunde 20, gesi yako imesogea milimita 4. Hakuna pumzi bila hewa kuingia. Hesabu angalau nusu milisekunde kabla ya kusema injini haipumui, na itupe sehemu ya kwanza ya rekodi, kwa kuwa hiyo ni kumbukumbu ya ulivyoanzisha modeli tu.

Kisababishi cha pili kinaumiza zaidi kwa sababu kinatokana na kazi nzuri ya wengine. Mwaka 2019 ilichapishwa kesi ya kulinganisha programu, yenye mwelekeo wa mhimili na wa mzunguko, ambayo makundi kadhaa yaliiendesha kwa programu saba tofauti na matokeo yakalingana kwa karibu. Watu wengi wanaanzia hapo, na wanafanya vema. Lakini katika kesi ile chanzo cha ioni kimewekwa kwa mkono: kiasi na mahali havibadiliki, na gesi haifuatiliwi. Ilikusudiwa kwa mawimbi madogo ya megahezi. Ukiirefusha hata kwa milisekunde kumi haitapumua kamwe, maana pumzi ni mazungumzo kati ya gesi na elektroni, na wewe umemnyamazisha mmoja wao. Tafuta kwenye faili lako la mpangilio: je, uionishaji unakokotolewa kwa msongamano wa gesi wa wakati ule, au ni umbo lililoandikwa tangu mwanzo?

Kwa wanaotumia modeli za ugiligili (zinazoichukulia plazma kama giligili) au chotara (zinazochanganya giligili na chembe), mshukiwa ni ufifishaji wa kihesabu. Mbinu ya kihesabu ya daraja la kwanza inayofuata mkondo wa upepo ni tulivu na haisumbui, lakini utulivu wake unalipwa kwa kulainisha kila mteremko mkali. Ukingo mkali wa gesi inayorudi kujaza mfereji, ambao ndio roho ya pumzi, unasagwa mpaka hauonekani. Jaribu seli mara mbili zaidi. Mtetemo ukizaliwa, umempata mwizi. Kisha hamia daraja la pili lenye vizuizi vya mitikisiko ya uongo.

Na mwisho kabisa: huenda modeli inasema kweli. Injini halisi zina hali za utulivu kwa baadhi ya volti, mtiririko na nguvu za sumaku. Badilisha uga wa sumaku juu na chini kwa asilimia 20 uone kama mtetemo unaamka.

Ukishapata pumzi, ipime kwa kanuni nyepesi ya mwindaji na windo ambayo mtafiti Fife aliitumia katika chuo cha MIT miaka ya 1990: kipeuo cha pili cha kasi ya ioni mara kasi ya gesi, gawanya kwa 2π mara urefu wa eneo la uionishaji. Kwa ioni za kilomita 10 kwa sekunde, gesi ya mita 200 na eneo la sentimita 1.5, jibu ni 15 kHz. Kanuni hii ni ya mkono mmoja, haikuambii mtetemo utaanza lini wala utakuwa mkubwa kiasi gani. Ila ikikupa 15 na modeli ikakupa 150, una la kufanya jioni hii.

Dalili ya 3: Inapumua kupita kiasi

Mkondo unashuka hadi karibu na sifuri, unaruka mara tano ya wastani, unashuka tena. Wakati mwingine programu inakufa kwenye mruko wa tatu.

Karibu kila mara chanzo ni namna ulivyoweka usafiri wa ziada wa elektroni, yaani ule unaozidi migongano ya kawaida na ambao nadharia haijautolea kanuni moja inayokubalika. Modeli ya mhimili peke yake haiwezi kuuzalisha, hivyo unaandikwa kwa mkono, mara nyingi kama sehemu fulani ya masafa ya elektroni kuzunguka uga wa sumaku. Mahali pa kuanzia panapozoeleka ni 1/160 ndani ya mfereji na 1/16 nje. Kisogeze kidogo tu kiungo cha kanda hizo mbili na utaona mtetemo unalala au unalipuka. Ukiona vyaelea, vimeundwa: mchoro uliochapishwa ukiwa umelala juu ya vipimo vya maabara, ujue kuna mtu aliyekaa na vigawo hivyo siku nyingi. Usinakili vigawo vya injini nyingine ukategemea vikufae.

Yafuatayo ni ya kukagua haraka:

- Jedwali la uionishaji. Zenoni inahitaji 12.1 eV kupoteza elektroni ya kwanza, na kasi ya uionishaji hupanda kwa ukali sana joto linapokaribia hapo. Jedwali lenye hatua pana au linaloishia 50 eV huleta mikupuo ya uongo.
- Kuta. Keramiki ya boroni naitraidi hurudisha elektroni nyingi zinapoigonga kwa nguvu, na hilo huweka dari kwenye joto. Ukisahau upotevu wa nishati kwenye kuta, hakuna dari.
- Mpangilio wa kukokotoa. Gesi ikisasishwa kwa hatua kubwa na elektroni kwa hatua ndogo, ukubwa wa pumzi unaweza kutegemea uwiano wa hatua hizo.

Halafu kuna jambo ambalo wanafizikia hulidharau: saketi. Modeli yako inashikilia volti 300 bila kutikisika. Injini halisi inalishwa kupitia kichujio chenye koili na kapasita, na mkondo unaporuka volti zinayumba. Ongeza saketi hiyo ya mistari michache ya milinganyo, na mara nyingine mtetemo mkali unatulia wenyewe, mara nyingine unazidi. Vyovyote vile, sasa unaiga kitu kilichopo.

Simama hapa kama matokeo haya yatatumika kuchagua kapasita za chanzo cha umeme cha chombo halisi. Ukubwa wa mruko kutoka modeli yenye vigawo vya kubahatisha si kipimo. Mhandisi wa umeme wa chombo ndiye aulizwe, naye atataka rekodi za mkondo kutoka kwenye injini yenyewe.

Dalili ya 4: Kilele kisichojulikana kwenye spektra

Hiki kiliwahi kunila wiki mbili. Nilikuwa na kilele kizuri, chembamba, kwenye 100 kHz, mahali hasa pa mitetemo ya ioni zinazopita. Nilikwisha kuanza kuandika maelezo yake. Kisha nikabadilisha, kwa sababu isiyohusiana kabisa, muda wa kuhifadhi matokeo, na kilele kikahama. Nilikuwa nahifadhi kila mikrosekunde moja, yaani mara milioni moja kwa sekunde. Wimbi la megahezi 5.1 likichukuliwa picha kwa mwendo huo linajitokeza kwenye 100 kHz, sawa na gurudumu la gari kwenye filamu linaloonekana likirudi nyuma. Wimbi lilikuwa la kweli. Anwani ndiyo ilikuwa ya uongo.

Basi ukaguzi wa kwanza ni huo: badilisha kidogo muda wa kuhifadhi. Kilele kikihama, ni mgeni kutoka masafa ya juu. Wastanishe ndani ya programu kabla ya kuhifadhi, au hifadhi mara nyingi zaidi kwenye vituo vichache.

Kisababishi kinachofuata ni rekodi fupi. Mikrosekunde 200 zinakupa mwachano wa 5 kHz kati ya nukta za spektra, hivyo usibishane na mtu kama mtetemo ni wa 17 au 19. Na kama mwanzo na mwisho wa rekodi havilingani, ondoa mwelekeo wa jumla na tumia dirisha (kufifisha kingo za rekodi taratibu), la sivyo nishati ya masafa ya chini inamwagika kila upande.

Dalili ya 5: Mawimbi ya mzunguko yanakaa pale pale hata ukibadilisha fizikia

Gawanya urefu wa sanduku lako kwa urefu wa wimbi. Ukipata namba kamili, usishangae: mipaka ya kujirudia hairuhusu lingine. Shaka ni pale namba hiyo ikiwa 1, 2 au 3, maana hapo sanduku ndilo linalochagua. Lirefushe mara mbili.

Kwa kipimo cha mkono: uga wa umeme wa volti 30,000 kwa mita na wa sumaku wa militesla 15 vinazipa elektroni mwendo wa mita milioni 2 kwa sekunde kuzunguka pete, na resonansi ya kwanza, pale mwendo huo unapolingana na mzunguko wa elektroni kwenye uga wa sumaku, inaangukia kwenye wimbi la milimita 5 hivi. Wimbi likikua na kugeuka kuwa la aina ya sauti ya ioni, urefu wake husogea kuelekea mara tisa ya urefu wa Debye. Hapo njia za mkato zinadai deni lao. Aliyeongeza pemitiviti (kigezo kinachodhoofisha uga wa umeme wa chaji) mara 100 ili kuokoa muda amerefusha urefu wa Debye mara 10, na katika modeli ya vipimo viwili kazi imepungua karibu mara elfu. Ni biashara nzuri kwa kutafuta makosa ya mpangilio. Lakini wimbi la aina hii nalo limerefuka mara 10, na usafiri linaoutoa si ule wa injini.

Kelele nayo ina sehemu yake. Chembe 100 kwa seli zinaacha mtikisiko wa asilimia 10 wa kubahatisha kwenye msongamano, na huo unaweza kulifunika wimbi linalochipuka.

Dalili ya 6: Hakuna spoki

Kama umeiga kipande cha robo ya pete, hutaona spoki moja wala mbili. Kipande kinaruhusu nne, nane na kuendelea. Pete nzima inahitajika. Pia usichanganye spoki na pumzi, kwa kuwa masafa yao yanagusana: spoki moja inayokwenda kilomita 1.5 kwa sekunde kwenye pete ya wastani wa kipenyo cha 85 mm inarudi mara 5,600 kwa sekunde. Weka vituo vinne kuzunguka pete. Vikipanda pamoja, ni pumzi. Vikipokezana, ni spoki.

Simama hapa kabla ya kuomba pete nzima ya vipimo vitatu kwa modeli ya chembe bila kupunguza chochote. Kaa kwanza na wanaoendesha kompyuta kubwa mkokotoe saa za prosesa kwenye karatasi. Mara nyingi jibu linamaliza mjadala.

Dalili ya 7: Masafa yanalingana na maabara, wastani haulingani

Chunguza kwanza mnalinganisha injini ileile katika hali ileile. Chumba cha ombwe hakina ombwe kamili. Gesi iliyobaki huingia tena mferejini na kuongeza mkondo, ilhali modeli yako iko angani kweli. Weka shinikizo la chumba kwenye mpaka wa nje wa modeli. Kisha angalia kathodi (chanzo cha elektroni): mahali ilipo na volti zinazopotea kati yake na plazma hubadilisha volti ambazo ioni zinazipata kweli. Mwisho, hesabu ioni zenye chaji mbili, ambazo modeli nyingi nyepesi huziacha.

Ikibidi kupata rekodi mpya ya mkondo, omba wenyeji wa maabara waichukue. Usifungue kisanduku cha kichujio wala kusogeza kipimo cha mkondo mwenyewe, hata kama swichi imezimwa: volti 300 za mkondo mnyoofu zinaua, na kapasita hubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Wanachohitaji kutoka kwako ni kuambiwa warekodi mara ngapi kwa sekunde, na kwa muda gani.